Gurudumu Jepesi la Baiskeli ya Mbio, na Jinsi ya Kuchagua Vipande Vyake

Watu wa Ufipa si wageni wa chuma. Kabla ya majembe ya meli kufika katika nchi hii, mababu waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuu marefu yaitwayo malungu. Yalijengwa kwa udongo wa vichuguu, yakapita kimo cha mtu, wala hayakuvuviwa kwa mivukuto, bali yalivuta upepo yenyewe kwa matundu ya chini. Chuma kilichotoka humo kilitiwa tena katika tanuu dogo kikasafishwa, ndipo mhunzi akakifua kuwa jembe au shoka. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, lakini mabaki ya malungu yaonekana hata leo katika uwanda wetu. Mhunzi wa zamani hakuanza kuwasha moto kabla hajauliza maswali matatu: mawe gani, makaa gani, na udongo gani. Kimoja kikiwa kibaya, vile viwili vizuri vilipotea bure.

Tumekumbusha habari hiyo kwa sababu gurudumu la baiskeli lina sheria ile ile. Katika Milanzi, kijiji cha kale kilicho chini ya mlima Itwelele, ambacho sasa ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, baiskeli imezoeleka kwa kuchukua mahindi, maharagwe na mkaa. Lakini mashindano ya baiskeli yameingia Afrika ya Mashariki kwa nguvu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundishwa ujanani na David Kinjah wa Kenya, alishinda mbio kubwa ya Ufaransa mara nne, yaani 2013, 2015, 2016 na 2017. Na mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, nchini Rwanda, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Basi si ajabu kijana wa huku akitaka kujiundia magurudumu mepesi. Makala hii yaeleza namna ya kuchagua vipande vyake, ili fedha isipotee na mtu asiumie.

GURUDUMU HUSIMAMA KWA NINI

Watu wengi hudhani ya kuwa mzigo husimama juu ya spoku zilizo chini, kama nyumba isimamavyo juu ya nguzo. Sivyo. Spoku ni waya mwembamba. Ukiusukuma kwa ncha utapinda. Nguvu yake ni katika kuvutwa. Katika mwaka 1808 Mwingereza George Cayley alifikiri gurudumu la waya zilizovutwa badala ya miti iliyosukumwa. Katika mwaka 1874 James Starley akaonyesha kuzilaza spoku kwa ubavu zipishane, badala ya kuzitoa moja kwa moja katikati kama miale ya jua. Gurudumu tulilo nalo leo ni lile lile.

Fundi akaza kila spoku mpaka inavuta ringi kwa nguvu nyingi sana. Katika gurudumu la nyuma, upande wa mnyororo, spoku moja huvuta sawasawa na uzito wa kilo 100 hadi 120. Mpandaji akikaa juu, spoku chache za chini hulegea kidogo, na nyingine hazibadiliki sana. Gurudumu hubaki imara maadamu zile za chini hazijalegea kabisa. Zikilegea kabisa, ringi hukosa wa kuishika, ikapinda ubavu kama jani kavu.

Tena spoku haivunjiki sana kwa kuvutwa mara moja kwa nguvu. Huvunjika kwa kulegea na kukazwa mara maelfu, kama mtu akunjavyo waya huku na huku mpaka ukakatika. Kwa hiyo spoku iliyolegea ndiyo ifayo kwanza. Atakayekumbuka neno hili moja ataelewa yote yafuatayo.

UZITO UNAFAA KUPUNGUZWA WAPI

Ni kweli kwamba uzito wa ukingoni hugharimu zaidi kuliko uzito wa katikati. Baiskeli ikianza kwenda, gramu iliyo kwenye ringi husogezwa mbele na pia huzungushwa. Kwa hiyo huhesabiwa karibu mara mbili. Ndiyo maana mtu ahisi wepesi mara moja akibadili ringi na matairi. Lakini mwendo ukiisha kuwa sawa, na hasa katika kupanda mlima polepole, gramu ya ringi ni sawa na gramu ya chupa ya maji.

Na tufanye hesabu. Bonde la Rukwa liko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Ufipa wafika mita 1,800 na zaidi. Mtu apandaye kutoka Muze mpaka juu amepanda karibu mita 1,000. Mpandaji na baiskeli yake wakiwa kilo 80, na magurudumu mapya yakampunguzia gramu 400, amepunguza sehemu moja katika mia mbili. Ikiwa safari ya kupanda ilimchukua dakika 100, sasa ataokoa nusu dakika tu. Katika mashindano nusu dakika ni kitu kikubwa, hatukatai. Lakini spoku moja ikikatika njiani, au tairi likipasuka, amepoteza nusu saa, pengine siku nzima. Kwa hiyo yafaa kutafuta wepesi, ila wepesi ufikao mwisho wa safari.

RINGI

Ringi ndiyo ya kufikiriwa kwanza. Ringi za chuma za baiskeli za mizigo ni nzito, na mvua ikinyesha breki huteleza juu yake. Alumini kwa ujazo ule ule ina uzito wa karibu thuluthi moja tu ya chuma. Ringi njema ya alumini ya baiskeli ya mbio huwa na gramu 400 hadi 500, na katika mvua hushika breki vizuri zaidi.

Zipo pia ringi za kaboni, zitengenezwazo kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Ni nyepesi, na zile ndefu kwa kimo hukata upepo vizuri. Lakini mtu wa Ufipa na atahadhari. Mpandaji na baiskeli wa kilo 80 washukao mita 1,000 hutoa nguvu itoshayo kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji baridi. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo. Sehemu nyingine, hasa penye kona nyingi, hugeuka joto katika breki. Ikiwa breki ni zile za kubana ringi, joto lote huingia katika ringi. Alumini hulipokea joto hilo na kulitawanya upesi. Kaboni hailitawanyi, na gundi yake ikipata joto kupita kiasi hulainika, ukingo ukavimba na mpira ukapasuka. Kupasuka kwa gurudumu la mbele katika mteremko wa bonde la Rukwa au ule wa kushukia Kasanga si hasara ya fedha, ni hatari ya roho. Kwa hiyo mwenye breki za kubana ringi asichukue kaboni kwa miteremko yetu. Mwenye breki za sahani, zishikazo kitovuni, hana hofu hiyo. Kwake kaboni ni swali la fedha tu.

Atakayenunua ringi iliyokwisha kutumika na aipapase uso wa breki. Vumbi la changarawe hukwaruza alumini kila breki ishikapo. Uso ukiwa umebonyea kama sahani, ringi imekwisha, hata kama yang'aa. Ringi nyingi zina alama ya kitundu au mfereji mdogo ubavuni. Ikifutika, wakati wa kuitupa umefika.

VIPIMO VIPATANAVYO

Hapa ndipo wengi hupotezea fedha. Baiskeli kubwa za kawaida zitumiazo tairi la inchi 28 kwa 1½ zina ringi ya milimita 635, ikipimwa pale tairi linapokaa. Baiskeli za mbio zina ringi iitwayo 700C, ambayo ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13. Tairi la moja halikai katika nyingine, hata fundi awe hodari namna gani. Lakini ringi iitwayo ya inchi 29, ya baiskeli za milimani, nayo ni milimita 622. Kwa hiyo matairi ya namna hizo mbili hushirikiana, mradi upana uchukuane. Usiamini jina la inchi. Soma tarakimu za milimita zilizopigwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 28-622, maana yake upana 28 na kipenyo 622.

Vile vile upime nafasi ya uma wa nyuma kabla ya kununua habu. Baiskeli nyingi za mbio zenye breki za kubana ringi zina nafasi ya milimita 130 nyuma na 100 mbele. Zenye breki za sahani huwa na 135 nyuma, au 142 zikiwa na mhimili mnene wa kupenyeza.

HABU

Habu ni kitovu cha gurudumu. Wepesi wake hausaidii sana, kwa sababu uko katikati. Basi gramu chache za habu zisikusumbue. Tazama mambo mawili. La kwanza ni umbali kati ya masikio yake mawili, yaani zile sahani zenye matundu ya spoku. Masikio yakiwa mbali, spoku husimama kwa mteremko mpana na gurudumu huwa imara ubavuni. La pili ni namna ya kuzunguka. Habu nyingine zina gololi zilizo wazi pamoja na koni. Nyingine zina beringi zilizofungwa.

Beringi zilizofungwa hazina kazi nyingi, lakini zikifa yataka kifaa cha kuzitoa na beringi ya namba ile ile, ambayo huenda isipatikane karibu. Habu ya koni hutengenezwa na fundi yeyote wa Sumbawanga kwa spana mbili nyembamba na grisi. Kwa kawaida habu ya mbele huchukua gololi 10 za inchi 3/16 kila upande, na ya nyuma gololi 9 za inchi ¼ kila upande. Zinunuliwe mpya zote pamoja. Usichanganye mpya na kuukuu, maana iliyo kubwa kidogo itachukua mzigo wa wenzake. Kwa barabara zetu za vumbi la kiangazi na matope ya masika, sisi twapendelea habu ya koni iliyotiwa grisi kila baada ya mvua kwisha.

SPOKU

Katika spoku ndipo penye ajabu ya kazi hii. Spoku ya kawaida ni waya wa milimita 2 toka mwanzo hata mwisho. Nyingine hufanywa nyembamba katikati: milimita 2 shingoni, 1.8 katikati, na 2 tena penye nati. Mtu ambaye hajafundishwa atadhani nyembamba ni dhaifu. Lakini spoku hukatika shingoni au penye uzi wa nati, si katikati. Ile nyembamba katikati hunyumbuka kidogo kama upinde. Gurudumu likipiga shimo, hiyo huchukua mshtuko kwa urefu wake wote, shingo ikapona. Basi ni nyepesi na tena hudumu zaidi. Huo ndio wepesi wa kweli, usiomwibia mtu nguvu.

Zipo pia za milimita 1.5 katikati. Hapo chuma kilichobaki ni zaidi kidogo ya nusu ya kile cha milimita 2, na gramu nyingi huokolewa. Lakini hujisokota fundi anapokaza nati, na gurudumu huwa laini ubavuni. Zifae gurudumu la mbele la mpandaji mwepesi. Kwa nyuma upande wa mnyororo, chagua 2 kwa 1.8. Chuma chake kiwe kile kisichoshika kutu, chenye sehemu 18 za kromi na 8 za nikeli katika mia.

Nati ndogo za spoku huwa za shaba nyeupe au njano, au za alumini. Moja ya shaba ni karibu gramu 1. Ya alumini ni kama theluthi yake. Kwa spoku 32 faida ni gramu 20 hivi. Lakini alumini huliwa na unyevu ikashikamana na spoku, na pembe zake huvunjika spana ikizunguka. Gramu 20 ni kama gunzi la maji midomoni. Chukua shaba.

IDADI YA SPOKU

Baiskeli za zamani za Kiingereza zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma. Waliozipanga walikuwa na akili: gurudumu la nyuma hubeba sehemu kubwa ya mzigo, kisha hupokea nguvu ya mnyororo. Tena halikai sawa, kwa sababu gia huchukua nafasi upande wa kulia. Spoku za kulia husimama karibu wima na kukazwa sana, za kushoto hubaki na nguvu ya karibu nusu tu. Zile za kushoto ndizo zilegeazo kwanza.

Kwa hiyo twatoa shauri hili. Mpandaji asiyepita kilo 65, wa barabara ya lami kama ile ya Tunduma mpaka Sumbawanga, atumie spoku 24 mbele na 28 nyuma. Wa kilo 65 hadi 85, au apitaye changarawe mara kwa mara, achukue 28 mbele na 32 nyuma. Aliye mzito zaidi, au atakayefunga keria na mzigo, achukue 32 na 36, wala asione haya. Spoku nne huongeza gramu 24 hivi, lakini moja ikikatika gurudumu lenye spoku nyingi humfikisha mtu nyumbani, na lenye chache hugusa breki likasimama palepale.

Katika kuzipanga, kila spoku ipishane na nyingine tatu katika gurudumu la nyuma. Kuzitoa moja kwa moja kama miale kwafaa mbele tu, kwenye breki za kubana ringi, na kwa habu ambayo mtengenezaji wake ameruhusu. Palipo na breki ya sahani au mnyororo, habu husokota ringi kupitia spoku, na spoku iliyonyooka haiwezi kusokota.

HESABU YA UREFU

Spoku ikipungua milimita 3 haitashika nati. Ikizidi itatoboa mpira. Walimu wa hesabu wawape wanafunzi fumbo hili. Chukua nusu ya kipenyo cha ringi pale nati zinapokaa, nusu ya kipenyo cha duara la matundu ya sikio la habu, na umbali wa sikio toka katikati ya habu. Kila kimoja kizidishe kwa chenyewe, ujumlishe. Kisha toa mara mbili ya vile viwili vya kwanza vilivyozidishwa pamoja na kwa kosaini ya pembe ya kupishana. Tafuta kipeo cha pili, utoe nusu ya tundu la sikio, kama milimita 1.3.

Kwa mfano, ringi milimita 300, habu 20, umbali 35, spoku 32 zikipishana tatu. Kila upande una spoku 16. Pembe ni 360 gawanya kwa 16, mara 3, yaani digrii 67.5, na kosaini yake 0.383. Basi 90,000 na 400 na 1,225 ni 91,625. Toa karibu 4,592, hubaki 87,033. Kipeo chake ni 295, toa 1.3, jibu ni karibu milimita 294.

TAIRI NA KUKAZA

Zamani wapandaji walipenda matairi ya milimita 23 yaliyojazwa mpaka yakawa kama jiwe. Siku hizi imeonekana ya kuwa tairi la 28 lenye upepo wa kiasi haliendi polepole. Katika lami yenye kokoto huenda upesi zaidi, kwa sababu hulimeza jiwe badala ya kumrusha mpandaji. Mtu wa kilo 70 atoshewa na karibu paundi 70 kwa inchi ya mraba. Usizidishe kiasi kilichoandikwa kwenye tairi wala kwenye ringi. Kwa njia za changarawe na miiba, milimita 32 au zaidi, ikiwa uma wapitisha.

Mwisho, vipande vyema vikifungwa vibaya ni takataka. Fundi akaze kidogo kidogo, kuzunguka gurudumu lote, asimalize spoku moja kabla ya nyingine. Asiye na chombo cha kupimia aligeuze gurudumu katika uma wa baiskeli, vipande vya breki viwe kipimo chake. Kisha apige kila spoku kwa ukucha asikilize: za upande mmoja zote zitoe sauti moja, kama nyuzi za zeze zilizopatana. Azishike mbilimbili azibane kwa mkono, zikae mahali pake, halafu anyooshe tena. Baada ya safari chache za kwanza alikague upya.

Basi kijana aliye na fedha kidogo na afuate mpango huu: ringi ya alumini, habu ya koni, spoku za 2 kwa 1.8, nati za shaba, idadi kwa uzito wake, na tairi la 28. Fedha ikibaki, anunue tairi bora kabla ya habu ya fahari. Na wazee wanaowanunulia watoto wao magurudumu wasiulize kwanza yana gramu ngapi. Waulize nani aliyeyafunga, kisha wapige spoku wasikilize wenyewe. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.